Fundi Saa Hajambo?

Jumatatu, 6 Januari

Leo ni mwaka wa pili na mwezi wa nne tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Siku nzima nimeinama kufunga nondo za sakafu ya ghorofa ya saba, koleo mkono mmoja, waya mkono mwingine, kama mtu aliyedondosha sindano na hataki kukubali kwamba imepotea. Lakini kilichonifanya nishike kalamu si mgongo. Ni jana.

Jana ilikuwa Jumapili, siku yetu ya mapumziko, siku yangu ya kumpigia simu mke wangu. Simu ikaita, akapokea. Nikasema hujambo. Akasema sijambo. Halafu, kabla hajauliza mume wake amekula nini, amelala wapi, ni yeye au ni mzimu wake unaopiga simu, akauliza: Eti, Fundi Saa hajambo?

Fundi Saa!

Ngoja niandike kwa utaratibu, maana hasira haina aya. Fundi Saa si jirani yetu. Si ndugu. Si mtu! Ni mhusika katika tamthilia ya televisheni, ile inayoonyeshwa kila jioni baada ya taarifa ya habari. Ana kibanda cha kutengeneza saa. Ana masharubu membamba. Anaongea polepole kama anayelipwa kwa neno. Na mwanamke yeyote akimweleza shida zake, yeye huweka bisibisi chini na kusikiliza. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuweka bisibisi chini. Wanawake wanazimia.

Nilipokuwa nyumbani tulimtazama pamoja, mimi na mke wangu, mkeka mmoja. Miezi michache baada ya kusafiri televisheni yetu ikatoa moshi ikafa. Tangu hapo televisheni yake ni mimi. Huku kambini tunayo moja, ukumbini tunakolia chakula. Naitazama wiki nzima, Jumapili namsimulia yote. Na lazima niseme ukweli: kabla ya hapo simu zetu zilikuwa hamjambo, hatujambo, watoto wazima, wazima, haya kwaheri. Sasa tunaongea mpaka sikio linapata joto. Hakuna saa nzuri kama hiyo katika wiki yangu. Lakini ni saa yangu, au ni ya Fundi Saa?

Wivu sina. Naandika tu.

Nimeliwaza jambo hili tangu asubuhi, nikifunga waya. Mke wangu hamwoni Fundi Saa. Anamwona kwa mdomo wangu. Kwa hiyo Fundi Saa yumo mdomoni mwangu. Na kilichomo mdomoni mwangu, nani atanizuia nisikitafune?

Jumatano, 8 Januari

Kuna mtu amehamia kitanda cha juu yangu. Mpiga plasta. Tunamwita Sauti, kwa sababu anayo. Akisema nipe chumvi, unasikia kama anatangaza msiba wa kiongozi.

Kabla hajaja, msimulizi wa kambi nilikuwa mimi. Wamwaga zege wakichelewa kutoka kazini wanaikosa tamthilia, basi walikuwa wanakuja na sahani zao kunizunguka, nami nawapa habari yote. Leo wamerudi, wamenipita kama mimi ni nguzo, wamekwenda kumzunguka Sauti. Yeye anaigiza! Sauti ya yule mjane wa tamthilia, sauti ya Fundi Saa, hata mlango wa kibanda anaufanya ulie. Mtu mzima, kazi yake kulia kama mlango. Na wanampigia makofi.

Tena ni shabiki wa Fundi Saa kupindukia. Amechonga masharubu yake vilevile. Anayachonga kila asubuhi mbele ya kile kioo chetu kimoja, na sisi tumepanga foleni nyuma na miswaki.

Mimi ninayempenda katika tamthilia ile ni Bwana Mizani, mwenye duka la mbele ya kibanda. Nipo peke yangu. Mizani anamchukia Fundi Saa, na kila wiki anamtegea mtego mpya. Mtu ana akili sana yule, ila hana bahati. Leo amekwenda kibandani Fundi Saa akiwa hayupo, akatia mchanga ndani ya saa za wateja wote. Mpango safi! Nikasimama nikashangilia. Fundi Saa akarudi, akazifungua saa zote, akazipuliza mojamoja, akamaliza, kisha mvua ikanyesha akamwazima Mizani mwavuli wake. Ukumbi mzima ukapiga miluzi. Mtu akanirushia ganda la mkate.

Nikawaambia mpango ulikuwa mzuri, kosa ni mvua. Sauti akasema, kaka, wewe na Mizani mlizaliwa siku moja. Nikamwambia asante. Wakacheka. Sijui walicheka nini.

Jumapili, 12 Januari

Nimeanza kazi leo.

Nilipopiga, swali lilikuwa lilelile. Fundi Saa hajambo? Nikasema hajambo, lakini yamemkuta makubwa. Nikamsimulia kwamba yatima wa yule mjane aliacha mkate wake kibandani, na Fundi Saa akajificha nyuma ya mlango akaula wote. Akiwa amesimama! Hakubakiza hata kipande.

Nikasikia kama mtu anapenga kamasi. Nikajua imeingia.

Kisha mke wangu akasema, maskini, kumbe ana njaa. Nani anampikia? Mtu hana mke.

Nikamwambia mimi pia huku sina wa kunipikia. Akasema wewe kambi inakupikia, niendelee.

Nikaendelea. Nikasema siku hizi Fundi Saa anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Akasema mtu akikoroma amelala, na akilala moyo wake safi. Nikasema ameiba saa ya ukutani ya mjane, ameificha chini ya kitanda. Akasema ameichukua aitengeneze kwa siri, amshangaze. Nampaka matope, yeye anamwogesha. Nampaka tena, anamwogesha tena na kumpangusa!

Na ndipo nikasikia mtu mwingine anakohoa. Nikauliza ni nani huyo. Mke wangu akasema ah, tupo hapa kwa mshonaji. Huwa anaweka spika. Kumbe yupo yeye, yupo mshonaji jirani yetu, yupo shemeji yangu, na yupo mama mkwe! Kila Jumapili! Wote wamekaa kati ya vitambaa na cherehani wananisikiliza mimi!

Jasho lilinitoka. Mama mkwe ndiye aliyesema siku nilipopeleka posa, mbele ya watu, kwamba haya, mvua ikinyesha hata kibanda ni nyumba. Tangu siku hiyo hajapata kuniita kwa jina wala kwa cheo. Husema huyo.

Jumatatu, 13 Januari

Usiku nilikuwa mtu mwenye furaha. Nina mashabiki! Nimemwambia Sauti, wewe unasikilizwa na wamwaga zege, mimi nasikilizwa na mama mkwe. Akauliza nikifika kwa Fundi Saa natumia sauti gani. Nikasema natumia hii hii niliyopewa na Mungu. Akatikisa kichwa kama daktari.

Lakini asubuhi, juu ya ghorofa, akili ikanijia. Wale wanawake hawaji kwa ajili yangu. Wanakuja kumsikia yeye. Mimi ni bomba tu, na hakuna anayelisifu bomba, watu husifu maji. Amekaa nyumba ya jirani, kati ya mke wangu na mama mkwe, anaonewa huruma kwa mkate alioiba. Mimi nimetoka jasho nchi za watu miaka miwili na sijaiba mkate wa mtu, nani kanionea huruma?

Niliwaza hivyo huku mikono inafunga waya yenyewe. Msimamizi akaniita. Sikuweza kwenda. Nilikuwa nimejifungia mkono wa shati langu kwenye nondo. Akauliza nimesimama kufanya nini pale. Nikasema nafikiri. Akasema basi jifungue, ufikiri huku unatembea.

Wivu sina. Lakini nimeamua. Fundi Saa atakufa.

Jumapili, 19 Januari

Amekufa.

Nimemuua vizuri, kwa heshima zote. Nimemsimulia mke wangu kwamba ile saa kubwa ya mnara wa soko ilisimama, wakamwita Fundi Saa. Akapanda ngazi. Chini Bwana Mizani akamwita kwa upole (nilimpa Mizani upole) akamwambia shuka, ndugu yangu, ngazi hiyo mbovu. Fundi Saa kwa kiburi chake akakataa. Ngazi ikakatika. Akaning'inia kwenye mshale wa dakika, mshale ukateremka naye taratibu, ulipofika kwenye nusu akaponyoka. Alipofika chini alikuwa bado na pumzi moja. Akaitumia kusema: Mizani alikuwa sahihi.

Hapo nikanyamaza, kama inavyotakiwa.

Upande wa pili, Mungu wangu! Sijawahi kusikia kilio kama kile. Kiti kilianguka. Mtu alitoka mbio nje. Shemeji nilimsikia waziwazi, kwi kwi kwi, kama amejaza kitambaa mdomoni. Mshonaji alikuwa anapigapiga meza kwa uchungu. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo sana.

Mara simu ikashikwa na mama mkwe mwenyewe. Sauti imemkauka, anatetemeka. Akasema pole sana kwa msiba, mkwe.

Mkwe! Ameniita mkwe!

Akauliza mazishi lini. Nikasema kesho. Akauliza je, yale masharubu nani atarithi. Nikamjibu kwa upole kwamba familia itakaa kikao. Mtu akiwa na huzuni huuliza maswali ya ajabu. Kisha akashindwa kabisa kusema, akairudisha simu.

Mke wangu akatoka nayo nje. Nilijua ametoka nje kwa sababu nilisikia kuku. Yeye hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu. Akauliza, kwa hiyo ndiyo imekwisha? Nikasema imekwisha, mtu akishakufa amekufa. Akasema kumbe umechoka kunisimulia. Ungeniambia tu, si lazima umuue mtu. Basi Jumapili ijayo usijisumbue kupiga. Pumzisha mgongo.

Akakata.

Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikifurahi. Mpinzani yuko kaburini. Mama mkwe kaniita mkwe. Mke wangu kaukumbuka mgongo. Nilifurahi mpaka chai ikapoa mkononi, ndipo nikajiuliza: sasa Jumapili ijayo nitafanya nini?

Alhamisi, 23 Januari

Wiki mbaya. Mbaya kupita ile nondo zilipochelewa tukabebeshwa kokoto.

Jumanne nilipiga. Wakapokea watoto, wakasema mama yuko kwa mshonaji. Jana nikapiga tena. Akapokea mwenyewe. Hamjambo? Hatujambo. Watoto? Wazima. Mgongo? Mzima. Nilisikia pumzi yake, naye nadhani alisikia yangu. Nikatafuta la kusema, nikamwambia huku kuna jua. Akasema hata huku. Haya. Haya.

Nimekata tawi nililolikalia. Tena kwa msumeno wangu mwenyewe, tena nikijisifu namna linavyokatika!

Na jioni nikiingia ukumbini, yeye yupo! Mzima! Amekaa kibandani mwake anakunywa chai, masharubu yametulia. Alikinyanyua kikombe akanitazama. Naapa alinitazama.

Leo nimejishusha. Nimemwendea Sauti nikamweleza yote, tangu mkate mpaka ngazi. Alicheka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani. Wamwaga zege wakaja kuuliza kuna nini, naye akawasimulia, kwa sauti zote, pamoja na ya mama mkwe ambaye hajawahi kumsikia. Nilikaa katikati yao kama mgonjwa anayejadiliwa na waganga.

Kikao kikaanza. Mmoja akasema niseme aliyekufa ni pacha wake. Wakamzomea, pacha alishatumika mwaka jana, tena mara mbili. Mwingine akasema aliangukia mkokoteni wa magodoro. Nikasema nilishamfikisha chini na kumpa maneno ya mwisho, siwezi kuja na magodoro leo. Mzee mmoja wa kuchekecha mchanga akasema kwa nini usimwambie tu mkeo kwamba ulimdanganya kwa sababu ulimwonea mtu wivu. Wote wakamgeukia. Wazo la ajabu sana. Wivu upi?

Ndipo Sauti akasema, kaka, niachie mimi. Jumapili Fundi Saa atapiga simu mwenyewe. Na akajaribu hapohapo kwa ile sauti nzito ya polepole, bibie, ni mimi, sikufa. Nywele zikanisimama. Ilikuwa yeye mtupu!

Sikutaka. Mtu gani anampelekea mke wake sauti kama ile kwenye sikio? Lakini maji yakifika shingoni hata nyoka unamshika ukidhani ni kamba. Ujira wake alitaka kitanda cha chini. Nimempa. Naandika haya nikiwa juu, pua inagusa dari.

Jumapili, 26 Januari

Sijui nianzie wapi.

Tulikusanyika ukumbini, wamwaga zege wote, hata mzee wa mchanga. Nikapiga, nikaweka spika, nikampa Sauti simu. Akakohoa. Akasema: Bibie. Ni mimi. Sikufa.

Mke wangu akacheka. Kicheko kile! Kile cha kuanzia tumboni, kinachomlazimisha ashike ukuta. Sijakisikia tangu siku niliyopanda basi. Na amemchekea nani? Mpiga plasta!

Kisha akasema, wewe baba, unayo sauti nzuri, Mungu akutunzie. Lakini Fundi Saa tangu juzi ana mafua. Hata jana amepiga chafya mpaka akapoteza skrubu. Nipe mume wangu.

Sauti akanikabidhi simu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu baada ya kumwangusha.

Nikamuuliza mafua ameyajuaje. Akasema mshonaji ana televisheni. Kubwa. Tangu mwaka juzi! Kila jioni wanakaa pale wanaitazama, hawajakosa hata siku moja. Mkate hakuna aliyekula. Saa ya ukutani hakuna aliyeiba. Ngazi wala haikuwepo. Walijua yote, na kila Jumapili wamekuja kuisikiliza yangu, maana tangu mwanzo nilikuwa natia chumvi, wiki hizi mbili ndiyo nimemwaga gunia. Wanajaza vitambaa vya mshonaji mdomoni nisiwasikie wanavyocheka. Mama mkwe siku ya mnara alitegua ubavu.

Kumbe kile kilio! Nilihisi masikio yanawaka. Wamwaga zege walikuwa wanatazama viatu vyao, mabega yanatikisika.

Nikamuuliza, sasa kama ulikuwa unaitazama, kwa nini ulikuwa unaniuliza?

Akasema, nikikuuliza mgongo unasema mzima, halafu unanyamaza. Nabaki nimeshika simu kama nimeshika jiwe. Nikikuuliza Fundi Saa, unaongea. Wiki ile ulipomuua nilidhani hutaki tena kuongea na mimi.

Nikaanza kubandua saruji iliyokauka kidoleni.

Akasema, huyu wa kwenye televisheni sina haja naye, tunaye kila jioni, anachosha. Namtaka wako. Yule mla mkate. Yule anayekoroma. Yuko wapi?

Nilitazama ukumbi. Sauti akaninong'oneza, kaka, sema. Nikasema hakufa. Wote wakapumua. Nikasema waliomzika walizika koti lake. Yeye saa zilikuwa hazimlishi tena, akaona aibu kuaga watu, akaenda mbali kutafuta kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema, siku hizi anafunga nondo.

Akauliza, na mgongo wake vipi?

Nikasema unamuuma. Hasa asubuhi. Hawezi kufunga kamba za viatu mpaka akae chini, na akikaa chini anaogopa kuinuka. Sijui maneno haya yalitoka wapi, sijapata kumwambia mtu. Akauliza anakula? Nikasema anakula, katikati ya watu wengi, ila anakula peke yake. Akasema mwambie aloweke kitambaa kwenye maji ya moto, akikamue, ajiwekee kiunoni akienda kulala. Asivute nondo nzito kwa mkono mmoja. Akauliza anakumbuka nyumbani? Nikasema sana. Nikasema kuna siku anapita mahali panaponuka sabuni ya kufulia anasimama kama mjinga. Wamwaga zege hawakuwa wanacheka tena. Sauti alikuwa amevua kofia.

Mwisho akauliza, atarudi lini? Nikasema wakishamwaga zege ya ghorofa ya mwisho. Mwisho wa Aprili.

Akasema, basi mwambie aje. Nitamtandikia kitanda, upande wa ukutani. Nimeuweka hivyohivyo, halali mtu.

Jumatatu, 27 Januari

Tangu jana kila mtu kambini ananitabasamia. Wamenikatia mkate mkubwa. Sauti amenirudishia kitanda cha chini bila kuombwa, akasema, kaka, una bahati, mke anakupenda.

Wapi? Nimeyarudia neno kwa neno, nikifunga nondo siku nzima. Ameongea karibu saa nzima, na yote yalikuwa Fundi Saa. Mgongo wa Fundi Saa! Chakula cha Fundi Saa! Kitambaa cha moto kiunoni kwa Fundi Saa! Mgongo wangu mimi niliyeshika simu hakuuliza hata mara moja. Huyu wa televisheni nilikuwa namwonea bure, maskini, mzee wa watu na mafua yake. Adui ni huyu mwingine, niliyemtengeneza kwa mdomo wangu, nikamlisha mkate, nikamfundisha hata kazi yangu!

Kile kitambaa nimekijaribu jana usiku, ushauri usipotee bure. Kimesaidia sana. Hasira zikazidi.

Na kitanda! Upande wa ukutani ni wangu! Tangu tuoane nalala mimi pale. Leo anatandikiwa mtu aliyeonekana na wote akianguka kutoka mnarani!

Lakini sasa nimekuwa mwerevu. Kumuua mtu ni kosa, hilo nimelijua. Kwa hiyo Jumapili hii nitamvunja mguu tu. Mmoja. Wiki inayofuata nitaona.

Na tena nina jambo ambalo hata Bwana Mizani hakuwahi kulifikiria. Fundi Saa anategemewa mwisho wa Aprili. Mimi leo nimemwendea msimamizi, nimeomba ruhusa, amekubali. Naondoka kabla ya zege ya mwisho. Tarehe ishirini Aprili niko nyumbani, wiki nzima kabla yake. Simwambii mtu. Nitaingia bila kubisha hodi, nitakwenda moja kwa moja upande wa ukutani, nitalala na viatu vyangu.

Aje tu. Atanikuta.

Wivu sina.